Pombe Nyeusi ya Posa Yangu

Pombe ya posa yangu niliipika mwenyewe. Nikisema hivi mbele ya wanawake wa kwetu Kilimanjaro hunikodolea macho, na wengine hucheka mpaka wanajishika mbavu, kwa sababu kwetu pombe ya posa hutoka upande wa mwanamume. Mama yake au shangazi zake huipika, wazee wake huibeba, na upande wa binti hukaa kwenye viti na kuingoja kwa maringo. Binti mwenyewe hana kazi ila kuoga, kuvaa na kujibu swali moja: tuinywe, au tuirudishe? Mimi nilichota maji, nikaotesha kimea, nikakoroga, nikafunga chupa, halafu ndipo nikaoga, nikavaa na kukaa kungoja kuulizwa. Na yote hayo niliyafanyia Riyadh, mji ambao hata kulitaja neno pombe kwa sauti kulikuwa ni kujitafutia makubwa.

Ilikuwa miaka ya neema ya mafuta. Hospitali zilikuwa zikifunguliwa haraka kuliko wauguzi walivyopatikana, ndiyo maana msichana kama mimi, aliyesomea uuguzi kwenye hospitali ya misheni, akajikuta amepandishwa ndege na kupewa chumba chenye zulia. Kaka yangu alikuwa amenitangulia. Alikuwa karani wa bandari Jeddah, akihesabu shehena zinazoshuka, enzi zile meli zilipokuwa zikikaa nje miezi zikingoja nafasi, na saruji ikiteremshwa kwa helikopta. Alikuwa amenizidi miaka saba. Baba alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo kaka ndiye aliyekuwa baba.

Mama alitulea kwa pombe. Alipika mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, na watu walitoka vijiji vya mbali kuifuata ya kwake. Ada yetu ya shule ilitoka kwenye pipa lake. Mama alifariki wakati kaka ana mwaka mmoja na nusu huko Jeddah, mimi bado niko chuoni. Simu ya maandishi ilimfikia, lakini pasipoti yake ilikuwa kwa kafili, Msaudi aliyemdhamini kazini, na kafili alikuwa safarini nje ya nchi. Aliporudi na kumpa ruhusa ya kutoka, mama alikuwa ameshazikwa siku tisa. Kaka hakwenda tena. Tangu hapo akawa mtu wa mila kuliko wazee waliobaki nyumbani. Kila jambo lilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu ulikuwa wa mama.

Mtu aliyenipenda alikuwa Mkenya, fundi wa viyoyozi pale hospitalini. Nasema alinipenda, lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyeanza. Kiyoyozi cha wodi yangu kiliharibika kweli mara mbili. Mara nyingine zote nilikiharibu mwenyewe kwa kuziba sehemu ya kutolea maji na kipande cha pamba. Mwanamume na mwanamke wasio na ndoa hawakuweza kukaa mahali wakazungumza, kwa hiyo tulizungumza yeye akiwa juu ya ngazi na mimi nikiwa chini na faili la mgonjwa mkononi, kama mtu anayesoma.

“Sista,” akaniambia siku moja, “hii pamba sasa mi nishaizoea. Si uniambie tu kenye unataka.”

Nikamwambia. Alikuwa mtu mpole, mwenye kucheka polepole, na ambaye hakuona aibu kusema hajui jambo. Mimi nimezaliwa na haraka. Nikiona mtu anakoroga chungu vibaya, mkono wangu unakwenda kwenye mwiko kabla mdomo haujaomba ruhusa. Wenzangu wa hosteli waliniita matroni kabla sijawa matroni.

Ijumaa moja nikampigia kaka simu kutoka ofisi ya hosteli. Nikamweleza.

“Mkenya,” akasema.

“Mkenya, kaka. Mluhya. Mkristo, ana kazi yake, hana makuu.”

“Mwambie aje. Lakini aje kama mtu anayeposa. Kwangu haingii mtu mkono mtupu. Alete pombe iliyopikwa, si soda, si juisi.”

“Kaka, pombe Saudia?”

“Basi asije. Halasi.” Akakata simu.

Nilikaa pale nimeshika mkono wa simu, nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Nilimwelewa vizuri sana. Hakutaka kusema hapana, kwa hiyo ameweka mlango usiofunguka. Na bila neno lake nisingeolewa, hilo pia nilijua. Ningeweza kufunga ndoa mbele ya mchungaji kule nyumbani, ndiyo, lakini ningekuwa nimeolewa bila baba, bila mama, na bila yeye, na sikuwa na mtu mwingine duniani.

Fundi wangu hakushtuka. Akiwa juu ya ngazi akasema, “Si ni pombe tu? Kwetu iko busaa. Nyanya yangu alikuwa anapika. Mimi nilikuwa naonanga.”

“Kuona si kupika,” nikamwambia. “Niachie mimi.”

Hakubisha, na mimi sikumpa nafasi ya kubisha.

Kwenye wodi yangu kulikuwa na muuguzi Mmarekani, mwanamke mnene mwenye moyo mkubwa, ambaye mumewe alikuwa mhandisi wa kuchimba visima. Walikaa kwenye kambi ya kampuni nje kidogo ya mji, nyumba yenye ukuta mrefu na jiko kubwa. Kila mtu wodini alijua, na hakuna aliyesema, kwamba yule bwana hupika bia nyumbani kwake. Nilipomweleza mkewe shida yangu alicheka hadi akalazimika kuvua miwani. Ijumaa iliyofuata walinichukua hosteli kwa barua rasmi ya kualikwa chakula kwao, maana makanisa yalikatazwa na ibada ilifanyika kimyakimya sebuleni mle mle kambini, na baada ya ibada nikapelekwa jikoni.

Nikamweleza yule bwana mbege. Akanisikiliza kwa heshima, akauliza inakaa siku ngapi. Nikamwambia siku mbili, ya tatu inakuwa siki. Akatikisa kichwa. Pombe ya kubebwa kutoka Riyadh mpaka Jeddah kwa gari, kwenye joto lile, alisema, lazima iwe kali na nzito ya kujihifadhi yenyewe. Alikuwa na moja ya namna hiyo kichwani kwa muda mrefu, bia nyeusi kama lami, ya kunywewa kidogo kidogo, iliyolazwa na mti wa mwaloni uliowahi kukaa na wiski. Alikuwa akingoja sababu tu ya kuipika.

Mwaloni Riyadh haukuwepo, ila yeye alikuwa nao. Walipohamisha vyombo vyao kutoka Marekani walileta nusu pipa la kuoteshea maua. Kwao mapipa yaliyotunzia wiski ya mahindi, ile waiitayo burboni, yakishatumika hukatwa katikati na kuuzwa kama vyungu vya maua. Watu wa forodha walilipekua, wakakuta gunia la udongo na pakiti za mbegu, wakalipitisha. Ndani lilikuwa limechomwa moto likawa jeusi, na ukiingiza kichwa ulisikia harufu ya sukari iliyoungua na kitu kingine cha kupandisha kizunguzungu. Mkewe alikuwa hajaotesha hata ua moja humo. Kwa kuipa bia uchungu, bwana alikuwa na mto wa kulalia. Nilidhani ananitania, lakini akaupasua kwa kisu, na ndani mlikuwa na maua makavu ya kijani, hopsi, ambayo kwao wengine hulalia ili wapate usingizi. Mkewe alilalamika kwamba ule ndio mto wake mzuri.

Kimea kilikuwa kazi yangu, na hapo ndipo nilipopata kiburi. Bwana mhandisi alikuwa amezoea kupikia vinywaji vya makopo vya shayiri, vile vya dukani visivyo na kileo. Nikamwambia hiyo ni kudanganya. Tukanunua gunia la shayiri kwenye soko la vyakula vya mifugo, shayiri ya kulisha mbuzi, nikaipepeta, nikailoweka siku mbili, nikaitandaza juu ya magunia mabichi kwenye chumba cha kufulia. Mkewe aliinyunyizia maji asubuhi na jioni nikiwa zamu. Ikaota vijimkia vyeupe. Nyumbani kukausha kimea kulikuwa kunachukua siku nzima na wasiwasi wa mvua. Riyadh nilikianika juu ya paa saa nne, saa nane kinalia kama changarawe. Nikasema kama mama angekuwa na jua hili angekuwa tajiri.

Sehemu moja tukaikaanga kwenye oveni mpaka ikawa nyeusi kama buni zilizoungua. Moshi ulijaa nyumba, na jirani, Mmarekani mwingine, akaja kuuliza kama mkate umeungua. Akaambiwa ndiyo. Tukasaga yote kwa kinu cha nyama, tukaikoroga kwenye maji ya moto, tukachuja, tukachemsha pamoja na maua ya mto, tukamwaga humo makopo ya asali ya tende. Ilipopoa tukatia hamira. Ule uji mweusi uliumuka kwa nguvu hata ukasukuma kifuniko na kumwagika sakafuni, na mimi nikapiga magoti kupangusa huku naimba. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu mama afariki. Mikono yangu ilikuwa inajua kitu ambacho hakuna mtu katika hospitali ile alijua kwamba inakijua.

Ilipotulia, yule bwana akachonga vipande kutoka ndani ya pipa la maua, upande uliochomwa, akavizamisha humo na kusema sasa tunangoja wiki nane. Wiki nane. Kwetu wiki nane zinatosha kupika, kunywa, kugombana na kupatana. Kila Ijumaa nilikwenda kuinusa, na kila Ijumaa aliniondoa pale kwa upole.

Kosa nililifanya wiki ya nane. Yeye alikuwa ameitwa kisimani, akaacha maagizo: kila chupa nusu kijiko cha sukari, mimina, funga, usiguse kitu kingine. Chupa zilikuwa za juisi ya zabibu, zile nene zenye kifuniko cha kubana kwa waya. Nikaonja bia kwa kijiko. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na kahawa ndani yake, na tende, na moshi, na mwishoni ule utamu wa mti. Lakini haikuwa pombe. Namaanisha kwamba kaka yangu angeinywa akasema ni dawa ya kikohozi ya Wazungu. Haikuwa na ulezi.

Kwetu ulezi ndio mwisho wa kazi. Ndizi zikishaiva na kuchachuka, unapika uji mwepesi wa kimea cha ulezi, unaumwagia juu, na pombe inaamka upya usiku kucha, kesho inanywewa inatoa povu. Mama alikuwa akisema pombe isiyo na ulezi ni maji ya ndizi. Nami nilikuwa nimeshajiandaa, kwa sababu moyoni nilijua tangu mwanzo nitafanya hivyo. Nilikuwa nimenunua ulezi duka la Mhindi kule mtaa wa Batha, nikauotesha kwenye beseni langu la kuogea hosteli, nikausaga. Nikapika uji, nikaukoroga ndani ya ile bia nyeusi, nikatia sukari kwenye kila chupa kama nilivyoagizwa, nikazifunga zote kumi na mbili barabara. Mbege haifungwi kwenye chupa. Hukaa kwenye pipa wazi na kupumua. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

Siku tano baadaye tukaondoka, mimi, Mmarekani na mumewe, ambao walikuwa wanakwenda likizo baharini. Fundi wangu alitangulia kwa ndege, maana kusafiri naye gari moja ingekuwa kesi nyingine. Chupa zilikuwa ndani ya sanduku la barafu, zimefunikwa na taulo za kuogelea. Sitajifanya sikuogopa. Nchi ya watu ina sheria yake, niliijua, na nilikuwa naivunja kwa macho makavu. Tukikamatwa, ningepoteza kazi na ikama, kibali changu cha kuishi nchini, ningefungwa, na kaka angesikia. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha zaidi.

Baada ya mji wa Afif tukasikia mlio nyuma. Bwana akasema ni tairi, akapunguza mwendo. Ukaja wa pili. Tairi hazipasuki mbili kwa mpigo, mkewe akasema. Wa tatu ulipolia na taulo ikaruka, nilijua, na nikasema kwa sauti ndogo, “Nilitia ulezi.”

Tukasimama jangwani. Bwana hakunigombeza. Alifungua sanduku akiwa amejikinga uso kwa kofia. Tulizifungua zilizobaki moja moja ili zipumue, na kila moja ilitema. Nilizikumbatia kwa abaya yangu zisiturukie, na abaya ikalowa povu jeusi kuanzia kifuani hadi magotini. Tatu tu zilibaki na kitu cha maana ndani. Vigae tukavizika mchangani. Nikakaa pembeni ya barabara nikalia kwa hasira, hasira zangu mwenyewe juu yangu mwenyewe, na muuguzi mwenzangu Mmarekani akanipigapiga mgongoni na kusema angalau tumejua ina nguvu.

Kabla ya Taif kulikuwa na kizuizi cha polisi. Mimi nilikuwa nanuka kama kilabu. Askari, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akaangalia karatasi zetu, akainama dirishani, akatunusa sote. Akanitazama mimi, abaya mbichi, macho mekundu. “Maridha?” akauliza. Mgonjwa? Nikaitikia kwa kichwa na kushika tumbo. Akaenda kwenye kibanda chake, akarudi na ndimu mbili na chupa ya maji, akampa bwana, akamwambia aendeshe taratibu kwenye kona. Nilimwonea haya yule mzee kuliko ningemwonea haya hakimu. Ndimu zile nilizinusa mpaka tulipochepuka kwenye barabara ya wasio Waislamu, ile inayoizunguka Makka.

Kaka alikaa mtaa wa Ruwais mle Jeddah, ghorofa ya pili, karibu na bahari, pamoja na wifi yangu. Nilifika kwake kwanza, nikaoga, nikavaa. Jioni hiyo hiyo fundi wangu akagonga, amevaa suti ya kuazima, na kikapu mkononi ambacho Wamarekani walikuwa wamempa kule chini barabarani. Mimi na wifi tulikuwa jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo. Nilikuwa namwona kaka ubavuni.

Wakasalimiana. Fundi akasimama, kama nilivyomfundisha, akasema amekuja kutafuta ua, na hakuja mkono mtupu.

“Nani kaipika?” kaka akauliza.

Hilo sikuwa nimemfundisha. “Shangazi yangu,” akasema. “Ako Riyadh.”

“Shangazi wa Kakamega.”

“Ndiyo, mzee.”

Kaka akafungua chupa. Ilitoa povu taratibu. Akamimina kwenye glasi ya chai, akainua kwenye taa akaona ilivyo nyeusi, akanywa kidogo. Akatafuna akiwa amesimama, maana kulikuwa na chembe za ulezi. Akanywa tena. Halafu akaketi, akaweka glasi juu ya goti. Niliona mabega yake yameshuka. Kaka yangu hakuwa amelia simu ya maandishi ilipokuja, wala aliponyimwa pasipoti, wala siku alipopata ruhusa ya kwenda kuangalia kaburi akaikataa. Wifi ndiye aliyeniambia hayo. Sasa alilia, mbele ya mgeni, bila kujifunika, na mgeni masikini hakujua aangalie wapi.

“Shangazi yako,” kaka akasema alipopata sauti, “kalelewa jikoni kwa mama yangu.”

Akaniita. Nikatoka. Akaniuliza kama ni mimi, nikasema ni mimi. Akauliza ulezi nimeupata wapi, nikamwambia. Akacheka katikati ya machozi aliposikia habari ya beseni la kuogea. Nikadhani tumeshinda. Nilikuwa tayari hata nimeanza kutabasamu.

“Hii ni pombe ya kwetu,” akamwambia fundi. “Nimeipokea, na nitaimaliza, na wewe utaimaliza pamoja nami kama mgeni wangu. Lakini hujaposa. Mtu hawezi kuniletea mali yangu akaniomba dada yangu nayo. Wewe umekuja mkono mtupu. Nenda ukapike ya kwako. Na huyu,” akaninyooshea kidole, “asiguse.”

Nikafungua mdomo. Wifi akanivuta kanzu. Fundi wangu alikuwa ameinamisha kichwa, na alipokiinua hakuwa na hasira hata chembe. “Mzee, hiyo ni haki,” akasema. “Mimi pia nilitaka kupika. Nilikataliwa.”

Kaka akanitazama, na kwa mara ya kwanza naona aliona kitu cha maana kwa yule mtu. Mimi niliona haya. Ni kweli alikuwa amekataliwa.

Tukarudi Riyadh, na kwa miezi mitatu nikapata adhabu ambayo siwatakii maadui. Fundi alipikia katika jiko lile lile, kwa ukarimu wa Wamarekani wale wale, na mimi Ijumaa nilikaa sebuleni baada ya ibada nikisikia kila kosa likitendeka. Nilisikia akimimina shayiri bila kuipepeta. Nilinusa akiikaanga. Alikumbuka kwamba nyanya yake alikuwa akikaanga unga wa busaa juu ya bati, kwa hiyo yeye akaikaanga shayiri yote, sio sehemu, mpaka ikawa makaa. Nilikalia mikono yangu. Muuguzi mwenzangu Mmarekani alinipa sweta la kufuma ili nipate cha kushika, nami nikafuma kitu chenye mikono isiyolingana. Fundi alijiunguza na maji ya moto kiganjani, na siku hiyo tu niliruhusiwa kuingia jikoni, kama muuguzi, kumfunga bendeji. Nikafunga huku nimefumba macho nisione sufuria.

Safari hii chupa hazikupasuka. Hazikuwa na nguvu ya kupasuka. Tulifika Ruwais na zote kumi na mbili.

Kaka akamkaribisha. Fundi akasimama na suti ile ile, akasema maneno yale yale, na alipoulizwa nani kapika akanyoosha mkono wenye kovu na kusema, “Mimi.” Kaka akafungua, akamimina. Haikutoa povu. Vijipande vya mwaloni vilielea juu kama majani ya chai. Hakuonja. Aliniita, akanipa glasi mimi kwanza, kama ilivyo desturi, nikanywa.

Ilikuwa mbaya. Sina njia ya kuipamba. Ilikuwa chachu na chungu, na ilikuwa na ladha ya jivu, na nyuma ya jivu kulikuwa na kitu kama betri ya tochi. Fundi wangu alikuwa ananitazama. Alijua. Aliionja kabla yangu, na bado alikuwa ameibeba mpaka pale, akasimama nayo mbele ya mtu anayemwogopa, na hakuitafutia kisingizio.

“Tuinywe,” kaka akauliza, “au tuirudishe?”

“Inyweni,” nikasema.

Kaka akachukua glasi, akanywa yote kwa pumzi moja. Hakukunja uso. Akaishusha, akajipangusa mdomo, akaangalia kovu la mkono wa shemeji yake kwa muda.

“Pombe mbaya namna hii,” akasema, “hakuna mtu aliyemsaidia.”

Akanyoosha glasi aongezewe.